Mgombea binafsi angebadili nini mbio za Ikulu?

MPIGA kura wa Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, anayo haki ya kumdhamini mgombea urais wa Jamhuri ya Muungano. Sheria inamtaka mgombea apate wadhamini wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo lazima iwe ya Zanzibar. Katika hesabu hiyo, saini ya mkulima wa ndizi wa Matombo ina uzito sawa na saini ya mfanyabiashara wa Kariakoo.

Jambo moja tu haliwezekani. Mkulima huyo hawezi kumdhamini mtu ambaye hakupendekezwa na chama cha siasa. Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 67 inaweka sharti la namna hiyo kwa wabunge, na sharti hilo linashuka hadi kwa diwani na mwenyekiti wa kijiji.

Kwa sababu hiyo, mjadala wa mgombea binafsi umekuwa ukiendeshwa zaidi kama mjadala wa haki. Swali ambalo halijapewa nafasi ya kutosha ni la pili: iwapo mlango huo ungefunguliwa, na mtu anayekubalika kwa wana-CCM wa wastani na kwa wapinzani wa wastani akasimama bila chama, matokeo ya urais yangebadilika vipi?

Jibu linalotokana na takwimu za chaguzi zilizopita, na uzoefu wa nchi jirani, ni kwamba mgombea wa aina hiyo ana nafasi ndogo ya kuingia Ikulu. Hata hivyo, angeweza kubadili mambo mawili makubwa: mahali ambapo rais huchaguliwa hasa, na kiasi cha kura anachohitaji mshindi ili aitwe mshindi.

Miaka 20 mahakamani

Itakumbukwa kuwa Tanzania imewahi kuwa na wagombea wasio na tiketi ya chama. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kilichobaki, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, ambaye alikuwa mwana-TANU lakini alisimama mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake na kumshinda.

Mfumo wa chama kimoja ulioanza mwaka 1965 uliufunga mlango huo. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, mlango haukufunguliwa. Chama kimoja kiligeuka kuwa vyama vingi, lakini sharti la kupita kwenye chama lilibaki pale pale.

Mwaka 1993, Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi katika Mahakama Kuu mjini Dodoma. Oktoba 24, 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kuwa raia ana haki ya kugombea bila kudhaminiwa na chama. Kabla mwaka huo haujaisha, Bunge lilipitisha marekebisho ya 11 ya Katiba yaliyouzima uamuzi huo. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye hakuwa tena madarakani, aliyakosoa hadharani kwa hoja kwamba haki ya msingi ya raia haipaswi kufutwa kwa wepesi wa namna hiyo.

Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005. Mei 5, 2006 majaji watatu, Amir Manento, Salum Massati na Thomas Mihayo, walimpa ushindi kwa mara ya pili. Serikali ilikata rufaa, na Juni 17, 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani likaamua kuwa mahakama haina mamlaka ya kufuta ibara ya Katiba. Suala hilo, ilisema mahakama, ni la Bunge.

Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha iliamua kuwa Tanzania inakiuka haki za raia wake kwa kuwazuia wasiogombea kupitia vyama, na kuitaka ichukue hatua za kurekebisha. Katiba haijabadilishwa. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 nayo iliacha uteuzi wa wagombea mikononi mwa vyama.

Mtikila hakuona mwisho wa kesi yake. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015 katika eneo la Msolwa, Chalinze, wiki tatu kabla ya Uchaguzi Mkuu. Katika mwaka huo huo, Jaji Ramadhani aliyekuwa ameongoza jopo la mwaka 2010 alichukua fomu ya kuomba urais kupitia CCM. Jina lake halikupita. Kama ilivyo kwa kila aliyekatwa mwaka ule, hakuwa na njia ya kuwafikia wapiga kura bila kujiunga na chama kingine.

Kuazima jezi

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Katika nchi ambayo chama tawala hakijawahi kushindwa uchaguzi wa rais tangu uhuru, kinyang'anyiro kikali zaidi hufanyika katika vikao vya CCM mjini Dodoma. Mwaka 2015 makada zaidi ya 30 waliomba ridhaa ya chama hicho. Walioamua nani abaki walikuwa wajumbe wa vikao, na mpiga kura wa Matombo alipata habari kupitia redio kama Watanzania wengine.

Kada anayetoswa Dodoma amekuwa na njia mbili: kunyamaza, au kuazima jezi ya chama kingine. Historia ya walioazima inaeleza mengi.

Augustine Mrema, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Ndani, alihama CCM mwanzoni mwa mwaka 1995 na kugombea kupitia NCCR-Mageuzi. Alipata asilimia 27.77 dhidi ya asilimia 61.82 za Benjamin Mkapa. Baada ya uchaguzi, NCCR-Mageuzi iliingia katika mgogoro wa uongozi uliomhusu yeye mwenyewe, akahamia TLP, na chama kilichokuwa cha pili kwa nguvu nchini hakikurudi tena katika nafasi hiyo.

Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, alijiunga na CHADEMA Julai 2015, siku chache baada ya jina lake kukatwa. Akiwa mgombea wa vyama vya UKAWA alipata kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97, kiwango ambacho hakuna mpinzani mwingine wa urais aliyewahi kukifikia nchini. Dk. John Magufuli alipata asilimia 58.46.

Bei ya jezi hiyo ilikuwa kubwa. Dk. Willibrod Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CHADEMA, aliondoka. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF, na alipotaka kurejea mwaka 2016 chama kiligawanyika pande mbili. Machi 2019 Lowassa alirudi CCM, na hadi anafariki Februari 2024 alikuwa mwanachama wa chama hicho.

Bernard Membe, Waziri wa Mambo ya Nje wa zamani, alivuliwa uanachama wa CCM Februari 2020 na kuteuliwa na ACT-Wazalendo. Katikati ya kampeni viongozi wakuu wa chama hicho walitangaza kumuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA. Membe alibaki kwenye karatasi ya kura huku jezi imevuliwa mgongoni, na alipata kura 81,129 nchi nzima.

Kisa cha Luhaga Mpina mwaka 2025 kilikwenda mbali zaidi. Mbunge huyo wa zamani wa Kisesa na waziri wa zamani alihamia ACT-Wazalendo Agosti na kupitishwa kuwa mgombea urais. Msajili wa Vyama vya Siasa alitengua uteuzi wake kwa maelezo kuwa chama kilikiuka kanuni zake chenyewe. Tume ikamzuia, Mahakama Kuu ikamrejesha, na Septemba Tume ikamwondoa tena baada ya kuwekewa pingamizi.

Kosa lililodaiwa halikuhusu umri wa Mpina, uraia wake wala wadhamini wake. Lilihusu taratibu za ndani za chama alichokuwa amejiunga nacho wiki chache kabla. Laiti angeruhusiwa kusimama mwenyewe, pingamizi la aina hiyo lisingekuwepo.

Hili ndilo badiliko la kwanza ambalo mgombea binafsi angelileta. Kikao kinachokata majina kingejua kuwa aliyekatwa anaweza kwenda moja kwa moja kwa wananchi. Vyama vya upinzani navyo visingelazimika kila baada ya miaka mitano kuchagua kati ya kiongozi waliyemlea na mgeni mwenye kura nyingi.

Hesabu za kura

Badiliko la pili ni gumu zaidi, na wengi wanaotetea mgombea binafsi hulipita haraka. Kwa Katiba ya sasa, rais hahitaji nusu ya kura. Mwaka 1995 alihitaji zaidi ya nusu, lakini marekebisho ya 13 ya mwaka 2000 yaliondoa sharti hilo, na tangu wakati huo anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi.

Chukulia mfano kwa kutumia matokeo ya mwaka 2015. Iwapo mgombea wa msimamo wa kati angechukua pointi 10 kutoka kila upande, CCM ingebaki na takriban asilimia 48, UKAWA asilimia 30 na yeye asilimia 20. CCM ingeshinda. Hata kama angechukua pointi 15 kutoka CCM na tano tu kutoka UKAWA, CCM ingekuwa na asilimia 43 dhidi ya 35, na ingeshinda.

Kwa maneno mengine, chini ya utaratibu wa sasa mgombea wa kati anaweza kupata kura milioni tatu na asibadili jina la rais. Akivuta zaidi wapinzani wa wastani, anaweza hata kumwongezea mshindi pengo. Lowassa kama mgombea binafsi, akiwa pembeni ya mgombea wa CHADEMA, pengine angeigawa kura ile ile ya mabadiliko ambayo mwaka 2015 ilikusanyika mahali pamoja.

Mambo hubadilika kabisa pale sharti la zaidi ya asilimia 50 linaporudishwa pamoja na duru ya pili. Katika mfano huo huo hakuna aliyefika nusu, na wagombea wawili wa juu wangelazimika kwenda kuwaomba wafuasi wa yule wa tatu. Mtu mwenye asilimia 20 angegeuka mwamuzi wa uchaguzi.

Rasimu ya Katiba iliyowasilishwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba Desemba 30, 2013 iliyaweka mambo hayo mawili pamoja: mgombea huru, na mshindi wa zaidi ya nusu ya kura. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 juu ya Katiba Inayopendekezwa iliahirishwa na haijafanyika.

Kuna hazina nyingine ya kura ambayo hesabu hizo haziioneshi. Mwaka 2010 wapiga kura walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 20.1, lakini waliopiga kura walikuwa milioni 8.6. Waliobaki nyumbani walikuwa milioni 11.5, zaidi ya mara mbili ya kura milioni 5.3 zilizompa ushindi Jakaya Kikwete.

Si wote hao waliokosa mgombea wa kumpenda. Wamo waliohama, waliougua na waliofariki majina yao yakabaki daftarini. Lakini hata sehemu ndogo ya kundi hilo ni kubwa kuliko kura za vyama vingi vidogo kwa pamoja, na ndilo kundi ambalo mtu asiye na kadi ya chama angelilenga kwanza.

Majirani wanasema nini

Wenye matumaini makubwa wanapaswa kutazama Uganda. Amama Mbabazi alikuwa Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama tawala cha NRM kabla ya kuachana na Rais Yoweri Museveni. Mwaka 2016 alisimama kama mgombea binafsi, akijitambulisha kama chaguo kati ya Museveni na Dk. Kizza Besigye. Alipata asilimia 1.39. Museveni alipata 60.62 na Besigye 35.61.

Uchaguzi ule ule, hata hivyo, uliwaingiza wabunge 66 wasio na chama katika Bunge la Uganda. Mwaka 2021 idadi yao ilifika 73. Wengi wa wabunge wa aina hiyo hutokea katika kambi ya NRM yenyewe, wakiwa wamebwagwa katika kura za maoni za chama.

Kenya ilifungua mlango huo kwa Katiba ya mwaka 2010. Mwaka 2017 wagombea binafsi watatu wa urais, akiwamo waziri wa zamani Joseph Nyagah, waliambulia chini ya nusu asilimia kila mmoja, lakini wabunge binafsi zaidi ya 10 walishinda.

Mwaka 2022 hakukuwa na mgombea binafsi wa urais kwenye karatasi ya kura ya Kenya. Pamoja na hayo, uchaguzi huo ulionesha nguvu ya sharti la nusu ya kura. William Ruto alipata asilimia 50.49. Wagombea wawili wadogo, George Wajackoya na David Mwaure, walikuwa na asilimia 0.67 kwa pamoja. Ruto aliiepuka duru ya pili kwa kiasi kidogo kuliko kura za wagombea ambao hakuna aliyewatarajia kushinda.

Rwanda inatoa onyo la aina nyingine. Philippe Mpayimana aliruhusiwa kusimama bila chama mwaka 2017 na akapata asilimia 0.73, Rais Paul Kagame alipata zaidi ya asilimia 98. Mlango ulio wazi hautoshi pale uwanja wenyewe umeelemea upande mmoja.

Matombo na nguvu ya mtu mmoja

Ugumu unaomkabili mgombea binafsi wa urais unaonekana vizuri zaidi kutokea vijijini kuliko kutokea Dar es Salaam. CCM ina mabalozi wa nyumba kumi, jumuiya ya wanawake, ya vijana na ya wazazi hadi kwenye vitongoji vilivyo juu ya mlima ambako gari halifiki. Mwaka 2020 vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 80,000 nchi nzima. Mgombea asiye na chama angehitaji wakala katika kila kituo ili kura zake zilindwe, na hana ruzuku ya kuwalipa nauli.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kuwa wananchi wa maeneo kama hayo hawajui siasa isiyopita kwenye vyama. Kwa Waluguru, ardhi imekuwa ikisimamiwa na koo zinazofuata upande wa mama, na mkuu wa ukoo hupata heshima yake kwa kuaminiwa na ndugu zake. Misheni ya Kikatoliki iliyofika Matombo mwishoni mwa karne ya 19 ilizaa kundi jingine la watu wanaosikilizwa: walimu na makatekista. Uongozi wa mtu anayejulikana kwa majirani zake ni mkongwe pale kuliko chama chochote.

Historia inaonesha pia kinachotokea pale njia rasmi zinapoziba. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi milimani kwa lengo la kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wakulima walilalamika kuwa kazi ilikuwa nzito na kwamba mavuno yalipungua, kwa sababu udongo mzuri ulifukiwa na usiofaa kuletwa juu. Viongozi wa mamlaka ya wenyeji, waliokuwa na wajibu wa kuyafikisha malalamiko hayo juu, ndio waliokuwa wakisimamia amri hiyo.

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga. Polisi walitumia nguvu na mtu mmoja aliuawa kwa risasi. Mpango wa matuta ulikufa, na TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata wafuasi milimani humo kwa kuwa ilikuwa tayari kuyabeba malalamiko ambayo wengine waliyakataa.

Tofauti ya nyakati hizo na sasa ni kubwa, lakini somo lake halijapitwa. Katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 CHADEMA haikushiriki baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Mpina alikuwa ameondolewa. Karatasi ya kura ilikuwa na wagombea 17, na Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Siku ya kupiga kura ilitawaliwa na maandamano na vurugu katika miji kadhaa, intaneti ilizimwa, na watu walipoteza maisha.

Haiwezi kudaiwa kuwa mgombea binafsi peke yake angezuia yaliyotokea. Linaloweza kusemwa ni kwamba raia ambaye hakuridhika na chama tawala, na ambaye chama alichokitaka hakikuwepo, hakuwa na njia ya kisheria ya kumweka mtu wake kwenye karatasi ile hata kama angekusanya saini katika mikoa yote.

Mambo matatu kwa pamoja

Uzoefu huo wote unaelekeza kwenye hitimisho moja. Mgombea binafsi akiruhusiwa bila kubadili jambo jingine lolote, athari yake kwenye urais itakuwa ndogo, na mara nyingine itamnufaisha aliye mkubwa kwa kuwagawa walio wadogo. Athari kubwa ya mapema itakuwa katika udiwani na ubunge, ambako mwalimu mstaafu au mkulima anayeaminika anaweza kuzunguka kata nzima kwa miguu.

Akiruhusiwa sambamba na sharti la zaidi ya nusu ya kura, hesabu za Ikulu zitabadilika, kwa sababu asilimia 10 ya mtu wa kati itakuwa na thamani katika duru ya pili. Na vyote viwili vitahitaji jambo la tatu: uamuzi wa Tume unaoweza kuhojiwa. Ibara ya 41 inakataza mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa, na Julai 2020 Mahakama ya Afrika ilisema katazo hilo nalo linakiuka haki za raia.

Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2010 kuwa kazi hiyo ni ya Bunge. Bunge limekuwa na kazi hiyo mezani tangu wakati huo, likiwa na wabunge ambao karibu kila mmoja wao aliingia ukumbini kwa tiketi ya chama, na ambaye chama chake kikimvua uanachama, sheria inamvua na kiti. Kuwaomba watu hao wafungue mlango ambao hawakuupita wala hawauhitaji ndiyo sehemu ngumu zaidi ya suala hili, na ndiyo sababu majibu yake yametafutwa mahakamani na katika rasimu ya Katiba badala ya ndani ya ukumbi wa Bunge.